Saa za Kungoja Mbuzi

Bei ya lori la kubeba tingatinga niliipigania siku tatu, na nakiri nilijiona mshindi. Nilikuwa katibu wa mwethya wetu wa kina mama huko Mwala, kikundi cha kulimiana na kuchimbiana matuta kwa zamu. Ukatibu nilipewa kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri na mdomo usiolala. Mfadhili mmoja alikuwa ametukopesha tingatinga kwa wiki moja, bure, lituchimbie bwawa kabla ya mvua ya Novemba. Sharti lilikuwa moja: tulitoe Machakos mjini wenyewe. Tingatinga haliendeshwi barabarani mwendo wote huo. Hupandishwa juu ya trela refu la tumbo chini, ambalo watu wa kazi huliita lobedi, na mwenye lobedi ndiye mfalme.

Mfalme wetu alikuwa bwana mnene mwenye gereji karibu na soko. Alitaja bei, nikacheka. Akapunguza, nikainuka nikaelekea mlangoni. Siku ya pili nilimtajia bei za wenzake wa Athi River, watu ambao sikuwahi kuwaona. Siku ya tatu akachoka, akaandika bei yangu kwenye karatasi, nami nikatia sahihi kwa madaha. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, kulikuwa na mstari mwingine. Sikuusoma. Nilikuwa nimeshinda, kusoma kwa nini tena?

Lori lilifika saa nne asubuhi, tingatinga mgongoni, na kijiji kizima kikatoka kulitazama. Dereva akaanza kufungua minyororo. Hapo mwenyekiti wetu, bibi kizee tuliyemwita Susu, yaani nyanya, akamshika mkono.

"Mgeni hawezi shusha mzigo na njaa," alisema. "Kula kwanza."

Kwetu hilo halina mjadala. Mgeni akifanya kazi kabla ya kula, mwenye boma ameaibika mpaka kwa wajukuu. Tatizo ni kwamba mbuzi wa mgeni alikuwa bado malishoni, akitafuna miiba yake kwa amani, na alipoona kina mama sita wanamjia kwa tabasamu, alielewa mambo upesi kuliko mimi. Kumkamata kulituchukua saa nzima. Kumchinja, kumchuna na kungoja makaa yashike, usiniulize.

"Madam, hii masaa inahesabiwa," dereva aliniambia kwa sauti ya chini. "Tuteremshe kwanza, nyama baadaye."

Nilimwona kijana mwenye adabu. Mgeni mstaarabu hukataa mara mbili kabla ya kukubali. Nikamsukumia kigoda, nikamwambia, "Kaa chini, baba, hapa ni nyumbani." Akakaa. Alikula maini, akala mbavu, akala muthokoi sahani mbili, kisha akajinyoosha kivulini akalala.

Saa tisa alasiri mwenye lori alitokea na pikapu yake, kuja kuchukua salio. Akamkuta dereva wake anachokonoa meno na tingatinga bado liko juu. Akatoa karatasi, akaweka kidole kwenye ule mstari wa chini. Kungoja hulipiwa kwa saa. Saa tano. Punguzo langu lote likamezwa, na bado tukawa tunadaiwa.

"Hakuna pesa, hakuna kuteremsha," alisema. "Hii mashine itarudi Machakos leo."

Nilipandwa na mori. "Nani alingoja nani? Dereva wako alikuwa anakula! Ni sisi tulikuwa tunamngojea!"

"Madam Katibu," alinijibu kwa upole ulionichoma zaidi, "lori haikuli nyama."

Watu wakacheka, hata watu wangu. Nikaapa kumtolea bili ya mbuzi, makaa, chumvi na usumbufu wa kukimbizana vichakani, na kweli nikaanza kuiandika nyuma ya karatasi yake. Hakuitazama. Alimwamuru dereva akaze minyororo, na hapo kicheko kikakatika. Wiki ya tingatinga ilikuwa imeshaanza kuhesabiwa, na mfuko wa mwethya ulikuwa mtupu. Lobedi likigeuka, bwawa limekwenda. Wa kulaumiwa nilikuwa mimi na sahihi yangu ya madaha.

Susu akaja na sahani. Bwana akarudi nyuma hatua moja. Alikuwa Mkamba kama sisi, wa kule milimani, na alijua vizuri kwamba huwezi kumdai mtu huku mafuta ya mbuzi wake yangali midomoni mwako. Alikataa nyama. Alikataa chai. Alisimama juani na koti lake, jasho likimtiririka, na kina mama wakimzunguka na masufuria. Mwishowe koo likamshinda.

"Nipeni maji tu," alisema. "Maji si chakula."

Susu akamletea kikombe cha bati. Bwana akachungulia ndani. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Hii maji inatoka wapi?"

"Mtoni, mwanangu. Tunachimba shimo kwa mchanga, halafu tunangoja ijae. Hiyo kikombe tumeingojea tangu jogoo ya kwanza." Hakusema kwa ukali. "Kungoja tunajua sana. Hatukujua iko na bei."

Bwana alikiinua kikombe. Akanywa yote, na mchanga wake, akarudisha kikombe kwa mikono miwili. Kisha akamgeukia dereva.

"Teremsha."

Tingatinga lilishuka kwa kishindo, vigelegele vikapigwa, na mimi nikabaki na bili ya mbuzi mkononi, nikiona aibu. Siku tatu nzima nilikaa mbele ya yule bwana nikijifanya sina haja kubwa, kwa kuwa ukionyesha shida bei hupanda. Nilimwambia kila uongo nilioujua. Kwamba tuna kiu, sikumwambia.