Kiti Alichokikataa Bibi

Bibi alianguka bafuni nyumbani kwetu Ibra, Omani, na habari ilinifikia kazini Sur nikiwa nimelala chali chini ya pampu, natafuta kwa nini beringi zake zinakufa kabla ya wakati. Niliishika simu kwa kitambaa, mikono imejaa grisi.

"Hajavunjika, alhamdulillahi," alisema Mama. "Lakini magoti hayamtaki tena. Hanyanyuki peke yake."

Mimi ni mhandisi wa mitambo. Katika mtambo wetu maji ya bahari huingia na chumvi yake, yakatoka ya kunywa, na baina ya kuingia na kutoka kuna mashine zinazotakiwa zizunguke mchana kutwa bila kulalamika. Nilipoajiriwa, upande wa mitambo nilikuwa mwanamke peke yangu, na nilijifunza mapema kuwa na jibu kabla swali halijaisha. Kazini tabia hiyo ilinifaa sana. Nikaichukua mpaka nyumbani.

Bibi ndiye aliyenilea, kwa sababu Mama alikuwa akisomesha. Alikuja huku Omani kutoka Unguja akiwa mtu mzima, na Kiswahili changu chote ni chake. Nilipokuwa na miaka tisa aliniachia niifungue cherehani yake, akakaa pembeni anakunja nguo, neno lake moja tu: "Usinipotezee skrubu." Zilipobaki mbili nilipomaliza kuifunga, alizitia mfukoni, hakumwambia mtu, na kesho yake akanipa tena niifungue.

Kwa hiyo nilimtengenezea kiti. Wiki tatu nilichora kila jioni: reli juu darini kutoka kitandani mpaka mlango wa bafu, winchi ndogo ya umeme ya kunyanyulia, kiti cha turubai chenye mikanda. Nilipiga hesabu ya uzito wake mara tatu. Fundi wetu wa kuchomelea, Mhindi makini ambaye hasemi sana, alinisaidia baada ya saa za kazi. Alipokuwa anaisugua reli aliniuliza kwa Kiarabu chake cha karakana, "Mwenyewe bibi anasemaje?"

"Hajui," nilimjibu. "Nataka afurahi akikiona."

Alitikisa kichwa, akateremsha miwani yake, akaendelea.

Tulikifunga Ijumaa asubuhi, Bibi akiwa chumbani kwa Mama. Baada ya sala na chakula nikamwita. Bibi alikitazama kile kiti, akanitazama miye, akakubali. Nikamfunga mikanda, nikabonyeza kitufe. Winchi ilifanya kazi bila hata kutetemeka, na mimi nilikuwa naitazama winchi. Sikumtazama yeye. Leso ilimteleza kichwani, naye hakuweza kuiokota kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imeng'ang'ania mikanda. Miguu yake ilining'inia, myembamba, soksi moja imeshuka.

"Nishushe," alisema.

"Bado kidogo, Bibi, nikuoneshe inavyokwenda mpaka…"

"Mwanangu. Nishushe."

Nikamshusha. Alijifunika leso yake taratibu, akaipanga vizuri masikioni. "Umenitundika kama pakacha," alisema. Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu.

"Wiki tatu, Bibi!" Nilisema hivyo, na bado naona haya. Kisha nikatoka uani, nikakaa kwenye ngazi, nikalia kama mtoto. Huko uani ndiko swali la fundi liliponirudia. Nilikuwa nimempima Bibi urefu, uzito, na upana wa mlango wake. Kumuuliza sikumuuliza.

Nilirudi ndani nikakaa sakafuni mbele yake. "Nisamehe, Bibi. Wewe unataka nini?"

"Nataka kukaa chini," alijibu hapo hapo, kama aliyekuwa anangoja siku nyingi.

"Chini wapi?"

"Chini, hapo ulipokaa. Bafuni nakwenda na gongo langu, na mama yako ananishika. Yule nimemzaa, simwonei haya. Lakini Jumatano wenzangu wakitoka soko la wanawake wanakuja kunywa kahawa. Wao wamekaa kwenye zulia, wamezunguka sinia, wanachekana. Miye niko juu ya kiti kama kadhi. Tende mpaka niletewe. Mtu akinong'ona jambo, silisikii. Nikikaa chini, nani ataninyanyua? Niwaite vizee wenzangu wanivute?"

Tulitumia alasiri nzima kwenye ukuta wa sebule, pale wanapokunywa kahawa. Nilimshika kiunoni akashuka na kupanda, kidogo kidogo, na safari hii nilitazama mikono yake. Kumbe bega la kulia lilikuwa likimuuma tangu zamani na hakuwahi kusema. Nguvu zake zote ziko kushoto. Kumbe hupenda kupumzika katikati. Niliweka alama kwa chaki kila mkono wake ulipotafuta pa kushika: tatu, moja juu ya nyingine, na chini yake kijibao cha kukalia njiani.

Vishikio vya kwanza nilivikata kutoka bomba tunalotumia kwenye ngazi za mtambo. Bibi alijaribu kimoja, vidole vyake havikukutana. "Hiki cha mkono wa mwanamume," alisema. Nikarudi Sur, nikaomba bomba jembamba zaidi. Fundi alinipa bila kuuliza, akanilainishia ncha zote kwa msasa mpaka hazikwaruzi hata hariri.

Vilipokwisha kufungwa ukutani, Jumatano yake nilichukua ruhusa. Wenzake wanne waliingia na vikapu vyao, mashikamoo nikayatoa yote, nikaelekea jikoni, lakini nilisimama mlangoni. Bibi alikuwa ameshawaambia: mtu asinishike. Alishika cha juu, akashuka. Akakaa kwenye kijibao, akavuta pumzi, huku mmoja wa wenzake ameuzuia mkono wake mwenyewe kwa mkono wa pili, asije akamshika. Kisha akashika cha chini, na akafika zuliani.

"Haya," alisema, "nipeni kahawa, na hilo mlilokuwa mkinong'onezana wiki iliyopita nalitaka kuanzia mwanzo."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga finjani.

Kunyanyuka kulimchukua muda mrefu. Aliposimama aliegemea ukuta, akanitafuta kwa macho mlangoni. Aliupigapiga ule ukuta mara mbili kwa kiganja, kama anavyonipiga mgongoni.

Mwezi uliopita ndugu yake Bibi anayekaa Nizwa, ambaye nilikuwa nimemwona mara mbili tu maishani, alipiga simu, anataka na yeye vishikio. Nikaenda na chaki na futi. Nilimwomba mkono nimpime kiganja, akanipa, na tulipomaliza hakuutoa mkononi mwangu. Tulikaa hivyo, akinisimulia habari za Bibi alipokuwa msichana, mpaka chai ikapoa.