Bi Tabia wa Zinga na godoro lililochomwa na jua

Saa mbili asubuhi, uani kwa Bi Tabia Msabaha hapana pa kukanyaga. Wanawake wanne wamekaa duara kwenye mkeka, leso zimefungwa puani, wanachambua sufi. Mbegu nyeusi zinaangukia kwenye ungo, sufi inashindiliwa kwenye kapu lenye mfuniko, maana upepo wa Zinga hauna adabu. Leso zimeziba pua tu. Midomo iko kazini.

"Kwa hiyo mahari imerudishwa yote?"

"Yote, na mbuzi juu."

"Mbuzi si walishamla?"

"Wamenunua mwingine, mwaya!"

Kicheko kinalipuka, na vipande vya sufi vinapaa juu ya ukuta. Bi Tabia anainua sindano yake ndefu. "Chekeni kwa tumbo, msicheke kwa pua! Sufi yangu inakwenda Dar bila nauli."

Ana miaka hamsini na mitatu, na ishirini na saba kati ya hiyo ameshona magodoro hapahapa, kusini mwa mji wa Bagamoyo. Kazi alifundishwa na mama mkwe wake. Godoro la futi nne kwa sita analiuza shilingi laki moja na nusu. Akitoa bei ya sufi, kitambaa na ujira wa wachambuaji, mkononi hubaki elfu arobaini hivi. Kwa mwezi hushona matano. Mwezi wa mvua, hata mawili hayafiki.

Yeye hapimi kitanda kwanza. Anampima mtu. Mteja analazwa chali kwenye mkeka, naye anapitisha kiganja chini ya kiuno.

"Kiganja kikipita huru kama mwizi aliyeukuta mlango wazi, huyo nitamwekea sufi nyingi katikati," anasema. "Kikikwama, nashindilia sawasawa kote. Kitanda hakiumwi mgongo, anayeumwa ni mtu."

Na yeye mwenyewe anaumwa. Kukaa chini miaka yote hiyo, ameinamia sindano, kumempa mgongo ambao asubuhi hauinuki mpaka ashike ukuta. Jambo hilo halikuwa siri kwa yeyote anayemfahamu, akiwemo mteja wake mkubwa, Mzee Bwanausi, mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vinane huko Mlingotini. Kila mwaka Bi Tabia alikuwa akiyafungua magodoro yote manane ya nyumba hiyo, akiichambua sufi upya na kuyajaza. Kazi hiyo moja ilikuwa kama sehemu ya sita ya kipato chake cha mwaka.

Juni mwaka jana mzee huyo alifika na pikapu. Nyuma yake kulikuwa na godoro jeupe, nene, lililovishwa kitambaa cha pamba.

"Shikamoo, Mzee Bwanausi."

"Marahaba, Bi Tabia. Nimekuletea mke mwenzio."

Lilikuwa godoro la mpira wa asili, la utomvu wa mti wenyewe, ambao muuzaji aliapa kwamba shamba lake halikuwahi kuonja dawa wala mbolea ya dukani. Bei yake ilikuwa milioni moja na laki saba. Bwanausi alinunua moja la kujaribia. Likifaa, angebadilisha vyumba vyote vinane.

"Muuzaji anasifu chake," alimwambia. "Wewe unayajua magodoro, na mgongo unakuuma. Lilalie siku kumi, kisha uniambie."

Shadya, wifi yake Bi Tabia, ambaye hukaa naye nyumba moja na hajawahi kulimeza neno, alidakia: "Mzee, unamuuliza mbuzi kama chui anafaa kufugwa?"

Wote walicheka. Bi Tabia hakucheka sana.

Watu wanne walihitajika kuliingiza chumbani, kwa uzito wake. Siku mbili za mwanzo lilinuka kama kandambili mpya, halafu harufu ikapotea. Asubuhi ya tatu, Bi Tabia aliamka, akaenda kutia udhu, akarudi kuswali.

"Nimekwisha toa salamu ndipo nikakumbuka kwamba sikushika ukuta," anasimulia. "Nikakasirika! Miaka ishirini na saba nawashonea watu usingizi, wangu unatoka kwenye gari la mtu."

Lakini Zinga, kama pwani yote hii, godoro lisiloanikwa ni aibu ya nyumba. Majirani huyahesabu magodoro uani kama wanavyohesabu wageni mlangoni. Kwa hiyo kila asubuhi, Bi Tabia akiwa ametoka kufuata sufi mashambani, Shadya aliwaita wachambuaji wakambebee godoro la mzee. Alilivua kitambaa chake, akalitandaza tupu juu ya kichanja, na jua likalipiga mpaka alasiri. Kabla wifi yake hajarudi, alikwisha livisha na kulirudisha kitandani.

"Nilijua nafanya hisani," anasema Shadya. "Godoro la kuazima, linarudi limenukia jua! Nani angelaumu?"

Siku ya tisa Bi Tabia alilifunua kitambaa ili akifue kabla ya kulirudisha. Upande wa juu ulikuwa wa manjano. Alipopitisha kiganja, ulipukutika kama mkate mkavu. Aligeuza upande wa chini akaukuta mweupe na laini, kama ulivyokuja. Ndipo alipomuuliza wifi yake, na wifi akaeleza, akaongeza kwamba umanjano aliuona akadhani ni kukauka tu.

Mpira wa asili hauelewani na jua. Muuzaji hakuwa amesema, na hapakuwa na mtu wa kuuliza. Nani pwani angedhani kuna godoro linalougua kwa kuanikwa?

Shadya hakuchelewa kuiona njia. "Wifi, mbona umeduwaa? Mwambie mzee godoro bovu. Siku tisa tu limeanza kupukutika! Na si uongo, si limepukutika?"

Kweli, haikuwa uongo. Neno hilo moja lingetosha kuyabakiza magodoro manane ya sufi Mlingotini, na kazi ya kila mwaka mikononi mwake.

"Usingizi ulinikataa siku hiyo," anakiri Bi Tabia, "na godoro lilikuwa zuri bado."

Bwanausi alipofika siku ya kumi, hata chai hajapewa, Bi Tabia alimwambia: "Mzee, godoro lako tumelichoma."

"Kwa moto?"

"Kwa jua."

Akamgeuzia pande zote mbili. Mzee aliubonyeza upande wa manjano, akaubonyeza mweupe, akajifuta vidole kwenye kanzu.

"Na mgongo?"

"Mgongo umepata nafuu, mzee. Sina la kuongeza."

Ila la kuongeza alikuwa nalo. Alimwambia kwamba kitanda cha godoro lile kiwe cha mbao zenye nafasi, lipumue kwa chini. Lisivuliwe kitambaa. Kila chumba kibandikwe katazo, kwani watandika vitanda wake ni watu wa hapa, na mzee akigeuka tu wataanika. Mgeni ambaye mpira humwasha ngozi asilazwe juu yake kabisa.

Bwanausi alinunua matano. Vyumba vitatu vilibaki na sufi. Lile lililochomwa alimwachia Bi Tabia, ambaye amelipindua na hulalia upande mzima.

Mwaka huu kazi ya Mlingotini imepungua zaidi ya nusu. Wapo waliomwita mjinga, wifi akiwa imamu wao. "Mtu anajikata mkono mwenyewe, halafu anauliza damu inatoka wapi," alisema Shadya mbele ya ua mzima, na Bi Tabia akamjibu kwamba mkono ni wake na kisu ni chake.

Habari, hata hivyo, ilitembea. Bwanausi aliisimulia msikitini, na wake za waliosikia wakaimalizia. Sasa watu huja Zinga kuuliza kabla ya kununua godoro lolote, la sufi au la dukani. Bi Tabia huwauliza maswali yake: Nani atalala? Anatoka jasho? Ana pumu? Mnahama nyumba mara ngapi? Hafidha, muuza duka wa barabarani anayehamahama kila kodi ikipanda, aliambiwa asithubutu kununua godoro la kubebwa na watu wanne. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye vumbi la sufi humbana kifua, alielekezwa dukani bila kushonewa kitu.

Kwa ushauri hatozi. Wanaorudi kushonesha, kwa hesabu yake, ni kama mmoja katika watatu.

Mpango wake ni chumba cha mbele. Anataka kukitoa makabati, aweke vitanda viwili, kimoja cha sufi na kimoja cha mpira, ili mtu aje baada ya adhuhuri, alale robo saa kwa ubavu anaolalia kwake, kisha ahamie cha pili. Seremala ameshaanza cha kwanza.

Shadya ana wasiwasi. "Watakuja kulala, watataka na chai."

"Tutawapa."

"Na mtu akikoroma?"

"Akikoroma kwenye sufi, wewe pima kitambaa," anasema Bi Tabia, akivuta uzi. "Akikoroma kwenye mpira, mwache amalize usingizi wake, kisha umwonyeshe njia ya dukani."