Neno la Bibi la Kabichi

Juzi pale stendi ya Babati niliagiza chipsi. Pembeni ya sahani wameniwekea kabichi mbichi, vipande vinene kama mikanda ya suruali. Nikamuuliza muuzaji, "Na hii ndiyo nini?"

"Kachumbari, braza. Wewe mgeni?"

Haya, kachumbari. Mwalimu wetu wa masomo ya jioni alitufundisha kwamba neno hilo lilitoka India, likaja na wafanyabiashara. Basi lina kwao, lina na ndugu. La bibi yangu halina mtu.

Bibi alikuwa Mgorowa, akilima kabichi kule Mutuka, kila moja kubwa kama tairi la bajaji, na hapo nimepunguza. Aliikata nyembamba hadi ungeweza kusoma gazeti kupitia kipande chake. Akaitia chumvi, kisha mjukuu wa zamu akaikamua kwa mikono mpaka maji yote yaishe, ndipo kitunguu na ndimu vifuate. Aliyekamua ndiye aliyebeba bakuli, na kabla ya kuliweka chini alitamka jina la chakula kile kwa Kigorowa. Asipolitamka, hakuna aliyenyoosha mkono, hata ugali upoe. Bibi alituambia maana yake ni "iliyolia ikanyamaza".

Maana ninayo. Neno lenyewe limenitoka.

Nilidhani ni jambo la kuuliza tu. Mama angelijua, lakini alitangulia hata kabla ya bibi. Wazee wa Kigorowa niliowafuata kule Bonga walicheka: kabichi yenyewe imekuja juzi, jina la kuila hivyo walitoe wapi? Bibi yako alilitunga mwenyewe, wakasema. Nikabakiwa na jirani wa bibi, aliyekula kwetu karibu kila jioni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Si wewe yule mlafi?"

"Ndiye mimi. Nimefuata lile neno la kabichi, tulilokuwa tunasema tukileta bakuli."

Akatabasamu. Mikono yake ikaanza kukamua hewa, taratibu, na midomo ikafunguka. Nikasogeza kigoda. Kisha mikono ikatulia mapajani.

"Mjukuu wangu, mimi ni Mrangi. Ya kwenu nilikuwa nakula tu."

Jumapili nilikata kabichi, nikatia chumvi, nikakamua. Vidole havijasahau kitu. Wanangu walishanawa, wananitazama. Nikasimama na bakuli mkononi mpaka yule mdogo akauliza, "Baba, huweki?"

Nikaweka. Wakala.