Alama Nyekundu Kwenye Skrubu Nne

Nilipigwa risasi kwa bunduki niliyoifunga darubini kwa mikono yangu mwenyewe.

Niko hai kwa sababu kuna mtu aliyeiharibu kazi yangu mapema. Mtu huyo sikumtarajia.

Naitwa Yasin, wa Ekero. Natengeneza hadubini za hospitali na shule, darubini, na cherehani kazi zikipungua. Sikusomea popote. Nilijifunza kwa kufungua kitu, kuchora kila skrubu ilikotoka, na kukifunga tena.

Mwaka jana alinipigia simu mzee mmoja wa Lugari, Kipng'etich.

"Fundi, macho yangu yamezeeka. Fisi wananimalizia ndama. Nina bunduki ya marehemu baba, aliachiwa na mzungu aliyekuwa na hili shamba. Nataka uifunge darubini. Lakini usiitoboe. Hata tundu la sindano."

Nilienda. Kabla ya kugusa chochote, niliomba kuona cheti cha silaha na barua ya kuruhusu kazi ile.

Mzee akacheka. "Wewe ni fundi ama OCS, mkuu wa polisi?"

Alikuwa navyo vyote, ndani ya faili ya plastiki.

Ilikuwa bunduki ya Vita vya Pili vya Dunia, mbao yake imeiva kama kahawa. Namba ya mwilini, ya bolti, kile chuma unachovuta kuingiza risasi, na ya kitako zote zilikuwa moja. Wanaokusanya silaha za kale wanajua maana yake: haijawahi kubadilishwa kitu. Ukiitoboa tundu moja jipya, umeiua.

Kwa hiyo sikutoboa. Nilitoa kilengeo cha nyuma, nikakifunga kwenye kitambaa pamoja na pini yake. Kisha nikachonga kibao cha chuma kwa tupa, siku nne, mpaka kikakaa kwenye matundu yaliyokuwepo tangu kiwandani. Darubini ikakaa juu yake, skrubu nne. Ukitaka kuirudisha ilivyokuwa, unafungua skrubu tu. Hakuna atakayejua ilikuwepo.

Kasoro ilikuwa moja, nami nilimwambia. Bunduki hiyo hujazwa kwa juu, kwa kibati kinachobeba risasi tano kwa pamoja. Sasa darubini imekaa hapo juu. Kibati hakipiti. Lazima uingize risasi moja moja kwa kidole.

"Samahani, Mzee. Bila kutoboa, hakuna njia nyingine."

"Mimi nina haraka gani?"

Mwisho nilichora mstari mwekundu juu ya kila skrubu, kutoka kichwani mpaka kwenye kibao. Skrubu ikisogea hata kidogo, mstari unakatika. Natumia rangi ya kucha ya mke wangu, Zeituni. Huwa ananiambia, "Siku moja nitaenda harusini na kucha mbili, nyingine ziko kwenye mashine za watu."

Mchana mke wa mzee, Mama Navalayo, akaniletea obusuma na ingokho, ugali na kuku. "Kula, fundi. Kuku amechinjwa na jirani yetu wa msikitini. Usiogope."

Tukiwa tunakula akaingia George, kijana wao wa pekee, mtu wa miaka thelathini na kitu. Hakusalimia.

"Baba, nasikia umempa Chepng'etich ekari tatu za kule mtoni."

"Ni dada yako. Amerudi kutoka kwa bwana na watoto. Watakula mawe?"

"Akilima pale, nitakuzika wewe kwanza."

Alisema polepole, kama mtu anayeagiza chai. Mama Navalayo akaweka bakuli chini. Mzee aliendelea kutafuna.

Mimi si mwepesi wa kuhukumu. Nilijiambia, ni hasira za nyumbani.

Mzee aliifungia bunduki kwenye sanduku la chuma, akavaa ufunguo shingoni kwa uzi mweusi. Nilimwachia bisibisi ndogo, nikamwonyesha jinsi ya kufungua na kukaza. Tukapatana: apige risasi kumi, kisha nirudi kukaza skrubu, maana risasi za kwanza huzilegeza.

Baada ya wiki mbili akanipigia. "Njoo Jumatatu. Usije kabla."

Jumamosi nilikuwa na hadubini ya kupeleka zahanati huko huko Lugari. Nikaona, kwa nini nipande gari mara mbili? Nikapitia kwake saa nne asubuhi.

Nyumba ilikuwa kimya. Mama na Chepng'etich walikuwa wameenda kanisani kupika, kulikuwa na harambee. Mzee alikuwa amekaa peke yake barazani, amevaa koti la suti, ametazama ghala la mahindi lililo hatua kama hamsini mbele.

"Si nilisema Jumatatu?"

"Nilikuwa napita, Mzee."

"Basi endelea kupita. Ondoka, Yasin."

Nilidhani ni utani. Nikaweka mkoba chini. Hapo ndipo nikaona kwamba shingoni mwake hakuna ule uzi wa ufunguo.

Risasi ya kwanza ilipasua ukuta juu ya kichwa chake. Vumbi la matofali likamwangukia mabegani. Hakusogea.

Nilimwona George kando ya ghala, jicho kwenye darubini yangu, anavuta bolti.

Risasi ya pili ilikusudiwa baba yake pia. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mzee, umbali wa mkono mmoja. Ikaingia chini ya kiwiko changu cha kushoto, ikatoka na mfupa. Sikusikia maumivu kwanza. Nilisikia joto, na nikaona saa yangu inaning'inia mahali ambapo haifai kuwa.

Kisha kukawa kimya. Bunduki ilikuwa tupu.

George akatoa kibati cha risasi tano mfukoni. Alikuwa ameona babake akijaza hivyo tangu utotoni. Akakigandamiza juu ya bolti. Hakipiti. Akakigonga kwa kiganja. Hakipiti. Risasi zikamwagika kwenye majani.

Kasoro niliyoombea radhi.

Akaja mbio, ameishika bunduki kwa mtutu kama rungu. Alimpiga baba yake kwa kitako, mara ya kwanza begani, mara ya pili mdomoni. Nikaona meno yakidondoka kwenye lile koti la suti. Aliponyanyua mara ya tatu, nilishika jembe lililoegemea ukuta, kwa mkono mmoja, nikampiga nalo kwenye kifundo cha mkono. Mfupa ulilia. Bunduki ikaanguka.

Sikuwahi kumpiga mtu maishani. Nilimpiga tena.

Majirani walikuwa wameshafika kwa mlio wa bunduki, wakamvamia George. Sitaeleza yote. Walitumia mawe, walitumia fito za ua, mmoja alitumia mnyororo wa baiskeli. Jicho la George lilitoka nikiona. Mtu akaitisha petroli.

Mama Navalayo alifika na aproni ya kanisani. Hakupiga kelele. Alipita katikati yao, akamlalia mwanawe. Mawe mawili yakampata mgongoni kabla hawajaacha.

Nilikuwa nimekaa chini, bunduki iko karibu na goti langu. Kwa mazoea nikaangalia skrubu.

Mistari yote minne ilikuwa imekatika.

Risasi haiwezi kuzilegeza skrubu zote nne sawasawa, robo mzunguko kila moja. Hiyo ni kazi ya bisibisi.

Wiki iliyofuata, mkono ukiwa na vyuma, nilimkuta mzee wodini. Aliongea kwa tabu, mdomo umeshonwa.

"Mzee, nani alilegeza skrubu?"

"Mimi. Ili akilenga, akose."

"Na ufunguo?"

"Niliuacha mezani, akiona. Nikaweka risasi mbili. Kisha nikawatoa wanawake."

"Kwa nini hukuiacha tupu?"

Akafuta mate mdomoni kwa shuka.

"Ikiwa tupu, angesema alikuwa anatisha tu. Na mimi ningemwamini. Nilitaka kujua, fundi. Nilitaka kujua kama angefyatua."

"Sasa umejua."

"Nimejua."

Akageukia ukutani. Wodi ilikuwa imejaa, wanaume na wanawake pamoja; kwenye kitanda cha pili kutoka chake alikuwa Mama Navalayo, amelala kifudifudi, mbavu mbili zimevunjika. Alikuwa amesikia kila neno.

George yuko rumande na jicho moja. Mama alihamia kwa Chepng'etich, kule mtoni. Mzee anaishi peke yake katika nyumba ile. Sijui nimhukumu vipi. Kila usiku najaribu, nashindwa.

Ninachoweza kuwaambia, mnaosoma, ni hiki. Mwenye nia mbaya akikutishia, mwamini siku hiyo hiyo, ukaite watu. Usimtegee mtego ili uone moyo wake. Mtego haubagui anayepita.

Polisi waliichukua bunduki. Mtaalamu wao alifungua skrubu zangu, akarudisha kilengeo cha zamani, akaikagua chini ya taa. Aliandika kwamba haijabadilishwa kitu, iko kama ilivyotoka kiwandani.

Ni kweli. Bunduki haina tundu hata moja.

Tundu liko kwenye mkono wangu.