Foleni Isiyopiga Kelele

Kazi yangu ni kutengeneza vyombo ambavyo sitajua vitabebeshwa nini. Niko miongoni mwa watu wanaoandika maktaba ya msingi ya lugha moja ya kompyuta: orodha, seti, foleni, vitu ambavyo mwandishi yeyote wa programu anavikuta tayari na kuvitumia. Foleni yangu inapokea namba, majina, picha, chochote kile, na kukipanga kisubiri zamu yake. Haiulizi. Huo ndio uzuri wake, na ndio ulionitia hofu.

Nilikuwa nimepanga chumba Mikumi, karibu na barabara kuu, kwa sababu ya intaneti. Tulibishana wiki kadhaa: foleni ikijaa, ifanye nini? Mimi nilitaka isimamishe programu nzima na kupiga kelele. Wenzangu walitaka ijibu tu "hapana" kimyakimya, na aliyeitumia aangalie jibu. Nikasema watu hawaangalii. Wakaniambia nina hasira za bure, jambo ambalo ni kweli, ila si siku ile. Ikapigwa kura, nikashindwa.

Vijana fulani wa Kilosa waliichagua lugha yetu kuandikia programu ya kuwaonya watu wa kando ya mto Mkondoa. Kifaa kinapima maji huko juu, ujumbe unaingia kwenye foleni, kisha unatumwa kwenye simu za watu. Mama yangu anaishi Kidete, hatua chache kutoka mtoni. Kila masika alikuwa akichomeka kijiti ukingoni. Maji yakikigusa, anabeba godoro na kuku wake, anapanda kwa mdogo wake kilimani. Mwaka huu hakukichomeka. Mwanawe ametengeneza kitu, kijiti cha nini tena?

Alasiri moja mawingu yaliilemea milima ya upande ule, na mtandao wa Kidete ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Nikafungua programu ya wale vijana na kuisoma. Foleni ilikuwa na nafasi chache, na lile jibu la "hapana" halikuangaliwa popote. Mtandao ukikatika, taarifa za asubuhi, maji yakiwa bado chini, zinakaa pale na kujaza nafasi zote. Onyo likija linakosa pa kukaa, linatupwa, na hakuna anayejua.

Nilipiga simu mpaka nikachoka. Jioni ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema?"

"Mama, ondoka hapo sasa hivi. Panda kwa mama mdogo."

"Niondoke kwa lipi? Simu ndiyo imeamka, inaleta ujumbe mmoja baada ya mwingine. Maji ni ya kawaida. Wote unasema hivyo."

"Huo ni wa asubuhi. Toka nje uuangalie mto."

"Na mvua yote hii?"

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mngurumo mzito usiokatika.

"Mama, hiyo ni treni?"

"Treni haijapita leo. Subiri, umeingia mwingine." Akausoma taratibu, kwa sauti ya mtu anayejivunia mwanawe. "Maji ni ya kawaida."