Redio ya Mzee Magesa

Nilipokuwa mtoto pale Buhare, kwetu kulikuwa na chumba tulichokiita hospitali. Baba, karani wa ghala la pamba, akitoka kazini alivua shati akaingia humo kutibu redio za zamani, zile kubwa za mbao zenye taa za kioo ndani. Hakuwa fundi wa kulipwa. Ni mapenzi tu, ingawa mama aliyaita ugonjwa, na nguo zote za baba zilinuka risasi ya kulehemu iliyoyeyushwa.

Mzee Magesa wa Bugwema alileta redio yake mwenyewe, akafariki siku chache baada ya baba kumaliza kuitengeneza. Bibi, mama yake baba, tuliyekuwa tukiishi naye, akaifunika kwa kitenge na kutuonya wote. Redio ya marehemu isiseme mpaka watu wake waje kuichukua kwa mikono yao. Ikisema kabla ya hapo, itamshika aliyeiwasha, na hatahama nyumba ile mpaka waje.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimefaulu kwenda sekondari ya bweni Bunda, na sanduku langu la bati lilishaandikwa jina. Baba naye alikuwa na barua yake. Kituo kimoja cha redio Mwanza kilimtaka akawe fundi mitambo. Sijapata kumwona mtu mzima akifurahi vile. Aliikunja na kuikunjua barua ile mpaka ikaanza kukatika.

Ubishi ndio ulioniponza. Jumamosi moja mchana niliingia hospitalini, nikafunua kitenge, nikachomeka waya, nikazungusha kitufe. Kimya. Nikajisemea, imekufa na mwenyewe. Nikaifunika tena, nikatoka, nikaenda zangu kuanua nguo. Sikujua jambo ambalo kila mpenzi wa redio hizo analijua, kwamba hazisemi papo hapo. Taa zake lazima zipate moto kwanza.

Bibi alikuwa akipepeta mtama chini ya dirisha la chumba kile. Sauti ya mwanamume ikatoka ndani ya kitenge, inasoma bei za mazao. Ungo ukamtoka mikononi.

"Nani amewasha hii kitu?"

Baba alitoka sebuleni. Alinitazama usoni, kisha akatazama vumbi jeusi kwenye vidole vyangu.

"Ni mimi, mama. Nilikuwa naijaribu."

"Wewe? Si nilikuwaga nakwambia kila siku?"

"Nimekosa, mama."

Nilijua kabisa kwamba nikifungua mdomo, sanduku langu halitatoka pale. Nikanyamaza.

Bibi hakupiga kelele. Alikaa kitandani, akakataa kula. "Nenda huko Mwanza kwako," alimwambia baba, "lakini ujue hutafika, na mimi nitakuwa nimekutangulia." Mwanzoni baba alicheka. Siku ya tatu bibi alipokataa hata uji, aliacha kucheka. Akatuma mtu Bugwema awaombe watoto wa mzee waje wachukue mali yao. Jibu likarudi upesi: kama imeshasema, wao hawaigusi, ikae huko huko.

Barua ya Mwanza ilijibiwa kwa udhuru wa mgonjwa nyumbani. Bibi akaanza kula. Mwezi wa kwanza nikapanda basi la Bunda, na baba akarudi kwenye ghala lake la pamba.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Tulipomzika, baba alishastaafu na macho yameanza kumsumbua. Majirani wanasema hadi leo kwamba neno la bibi yule lilitimia. Lilitimia kweli, lakini redio haikumshika mtu. Tulimshika sisi, bibi kwa woga wake na mimi kwa ukimya wangu. Kila likizo nilirudi na sentensi yangu tayari mdomoni. Nikiingia hospitalini, baba ananipa waya, "Shikilia hapa, mwanangu," na sentensi inarudi tumboni. Ndivyo nilivyojifunza ufundi. Nilikaa pale saa nyingi nikitafuta pa kuanzia, na mikono haiwezi kukaa bure.

Baba naye ametangulia. Redio zake zilibaki mezani, na mtu wake wa kuja kuzichukua ni mimi. Naishi Nyakato, jirani tu na Buhare, wala si safari, lakini ufunguo ulikaa kwenye pochi yangu miezi sita. Nilikuwa naona haya na naogopa, mtu mzima mwenye wajukuu.

Jumapili iliyopita nilikwenda. Redio ya Mzee Magesa ilikuwa mwisho wa meza, chini ya kitenge kile kile kilichopauka, mbao zake zimepakwa mafuta. Baba aliitunza miaka yote ile na hakuiwasha tena.

"Baba, nimekuja kuzichukua," nilisema kwa sauti, kama mwenye mali aliyekuja kuchukua chake. Nikachomeka waya, nikazungusha kitufe.

Kimya. Safari hii nilijua nina kama nusu dakika.

"Ni mimi niliyeiwasha, baba."

Alijua tangu siku ile, hilo sina shaka nalo. Lakini hakuwahi kuambiwa. Nikavuta kiti chake, nikakaa, nikasubiri taa zipate moto.