Jina la Kumficha Mtoto

Mie nasema kweli hata ikinichoma: jina la Kijakazi nililileta mimi, kwa mdomo wangu huu, na hakuna aliyenituma.

Ndugu yangu Shaame kazi yake ilikuwa kuwaongoza wageni Mangapwani, kwenye lile shimo la mawe walimokuwa wakifichwa watumwa. Huwashusha ngazi, akawaonyesha kuta, akawasimulia. Mtu mpole, hana makuu, ila shingo ngumu kama marehemu baba yetu. Mkewe, Kidawa, alizaa watoto wawili kabla ya huyu. Wa kwanza hakufika arubaini. Wa pili alikuwa ndiyo kwanza anaanza kukaa. Wote tumewazika.

Basi alipozaliwa wa tatu, mtoto wa kike, nikapanda gari kutoka kwangu Kikwajuni, mjini, nikenda kijijini kwao na wazo langu. Kwetu zamani mtu akifiwa na watoto, anayefuata humpa jina duni, Mtumwa, Jaa, Kijakazi, ili mauti yamdharau yampite. Bibi yetu mzaa baba akiitwa Kijakazi, na alizika waume watatu! Siku hizi nani anampa mwanawe jina hilo? Hulisikii mjini wala shamba. Kidawa alinisikiliza, akanishika mkono. "Wifi, mwiteni hata Jalala, mradi akue." Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Shaame akaja juu. "Dada, neno hilo nnalisema kutwa kule chini. Nawaambia watu, hapa walirundikwa vijakazi. Leo nirudi nyumbani nilikute kitandani kwangu? Hasha!"

"Kwani wewe mauti utayazuia kwa usomi wako?"

"Na nyinyi mtayazuia kwa ujinga wenu?"

Loo! Nikamwambia neno ambalo dada hamwambii nduguye. Nilimwambia wale wawili aliwapa majina mazuri, na wako wapi? Aliinuka akatoka, hakuniaga. Siku ya saba, mbele ya watu, akatamka: Hurriya. Yaani uhuru. Nalo pale kijijini hakuna aliyewahi kulisikia. Kidawa alilia mpaka watu wa akika wakashindwa kula.

Mtoto alipofika miezi mitano akapata homa. Nilikuwapo. Tumo ndani ya gari ya jirani, njiani kwenda hospitali, degedege likamshika: macho juu, mwili umekakamaa kama ubao. Shaame amempakata. "Hurriya! Hurriya, mwanangu!" Kimya. Kidawa akamkazia macho mumewe.

Basi Shaame akainamisha uso, akaweka mdomo sikioni kwa mtoto. "Kijakazi," akasema. "Kijakazi wangu, usende." Akalirudia na kulirudia, machozi yanamtiririka ndevuni. Wallahi sijapata kuona mtu mzima akivunjika vile. Nilichokitaka nimekipata, na mie natamani ardhi inimeze.

Degedege lilimwacha kabla hatujafika. Daktari akasema homa ilipanda mno, akampa dawa, akatuambia watoto wengi huwa hivyo. Jina halikuwa na kazi pale, hilo nalijua. Nenda kamwambie Shaame! Tangu siku ile hathubutu kumwita jina jengine. Hurriya limebaki kwenye cheti. Na kule shimoni hendi tena. Anasema hawezi kusimama mbele ya wageni akalitamka neno lile. Sasa anauza samaki sokoni, na mie hunijibu salamu tu.

Mtoto ana miaka mitatu, mzima alhamdulillah, mchokozi hasa. Mie peke yangu ndiye nnayemwita Hurriya. Jana alikuwa uani anacheza na makopo, nikamwita. Nikamwita mara ya pili. Ya tatu nikapaza sauti. Hakugeuka hata shingo.

Nikasema, "Kijakazi."

"Naam, shangazi," akaja mbio.